Kabla ya Kumtafuta Bingwa, Tuwafundishe Watoto Kuogelea

Wasomaji waliozoea kukutana nami katika ukurasa huu nikiwa nimeshikilia mada ya ngeli, viambishi au makosa ya watangazaji wetu wataniwia radhi leo. Nimeiweka sarufi kando, ingawa si mbali sana, ili nizungumzie maji. Hasa maji ya vidimbwi vya kuogelea, na watoto wetu ambao hawajafundishwa namna ya kuyaingia wala kuyatoka. Mada hii yawahusu walimu na wanafunzi. Naiandika nikiwa na haya kidogo, kwa kuwa nilivuka umri wa miaka arobaini bila kujua kuogelea.

Nilizaliwa na kukulia karibu na Mto Yala. Mto huo ulikuwa mwiko kwetu. Mama alikuwa na kipimo chake ambacho wengi wa rika langu watakikumbuka: ukirudi nyumbani jioni alikukwaruza mkononi kwa ukucha, na iwapo mstari mweupe ulitokea juu ya ngozi, basi ulikuwa umetoka mtoni, na kesi ilikwisha kusikilizwa. Nilipokuwa darasa la tano, mwanafunzi mwenzetu alikufa maji siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alitukusanya gwarideni, akaomba dua, kisha akatangaza kwamba yeyote atakayeonekana mtoni angechapwa viboko. Na viboko vilichapwa kweli. Hatukuacha kwenda mtoni. Tuliacha tu kuonekana. Katika miaka yangu yote ya shule ya msingi sikumsikia mtu mzima hata mmoja akisema: basi na wafundishwe.

Lugha yenyewe ilikuwa imetutangulia kwa mbali. Kitenzi kuogelea kimetokana na kuoga. Ukiutia mzizi huo kiambishi cha kutendea unapata kuogea, na ukikirudia kiambishi unapata kuogelea, kama vile kutupa kunavyozaa kutupia na kutupilia. Mnyambuliko wa namna hii aghalabu huongeza maana ya kuzidi, ya kuendelea na tendo hadi mwisho wake. Kuogelea, basi, ni kuoga kuliko na safari ndani yake. Upande wa pili tunao msemo kufa maji, ambao umewahi kuwatoa jasho wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, kwa sababu neno maji hapo si mtenda wala si mtendwa. Limewekwa tu baada ya kifo, kana kwamba hapana haja ya kueleza zaidi. Waliotuachia lugha hii walijua mambo yote mawili. Sisi shuleni tulifundishwa la pili tu, na tena kwa kiboko.

Mwaka 2023 nilipata likizo ya utafiti, nikahamia pamoja na jamaa yangu kaskazini mwa jimbo la Virginia, nchini Marekani, mwendo mfupi kutoka Washington. Tulipanga nyumba katika mtaa wenye kidimbwi cha jumuiya. Kidimbwi cha aina hiyo si mali ya serikali wala ya mfanyabiashara. Ni mali ya wakaazi wenyewe walionunua uanachama. Mwenye nyumba wetu hakuwa na haja ya uanachama wake mwaka huo, akatukabidhi sisi wapangaji wake. Tulitia saini karatasi moja, tukapewa kadi. Ikumbuke karatasi hiyo, msomaji, kwa maana nitairudia.

Mwezi wa Mei unapokwisha vidimbwi hivyo hufunguliwa, na papo hapo huanza jambo ambalo sikuwa nimeona mfano wake: timu za kuogelea za watoto, za majira ya joto. (Nasema majira ya joto wala si kiangazi, kwa kuwa mvua ya radi inyeshayo huko mwezi wa Julai haimruhusu mtu mwenye akili kuyaita majira hayo kiangazi. Ngurumo moja ikisikika, watoto wote hutolewa majini, wakangoja nusu saa chini ya paa.) Ligi ya eneo hilo, Northern Virginia Swimming League, ilianzishwa mwaka 1956 kwa timu chache. Leo ina timu zaidi ya 100, zilizogawanywa katika makundi ya timu sita sita kwa kadiri ya nguvu zao. Watoto hushindana kwa umri: wa miaka 8 na chini yake, 9 hadi 10, 11 hadi 12, 13 hadi 14, kisha 15 hadi 18. Msimu ni mfupi. Mashindano huanza Juni ikielekea kwisha, na Agosti inapoanza mambo yote yamekwisha.

Ng'ambo ya Mto Potomac, katika jimbo la Maryland, ipo ligi kama hiyo, na humo ndimo alimoanzia Katie Ledecky akiwa na umri wa miaka sita. Mwaka 2012, akiwa na miaka 15, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 jijini London, na mwaka 2024 jijini Paris alikuwa bado anaitwaa. Namtaja ili nimalizane naye mapema, kwa sababu najua baadhi ya wasomaji wataniuliza timu hizo zimetoa mabingwa wangapi. Kilichonigusa mimi ni wale wasioelekea kuwa mabingwa, ambao ndio karibu wote.

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka minane. Alijua kuelea, na alijua kutapatapa hatua chache, kwa masomo machache aliyokuwa ameyapata Nairobi. Sharti la kujiunga na timu lilikuwa moja tu: avuke kidimbwi, mita 25, kwa mtindo wowote, bila kushika kamba wala kusaidiwa. Alishika kamba mara mbili. Nikadhani habari imeishia hapo, kwa maana hivyo ndivyo tufanyavyo sisi: siku moja ya mchujo, wenye mbio wachaguliwe, waliobaki wafunzwe nyimbo za kushangilia. Kocha, kijana wa chuo kikuu ambaye mwenyewe alikulia katika timu hiyo, alimwambia arudi kesho jioni pamoja na watoto wengine saba walioshika kamba. Kwa muda wa wiki tatu walifundishwa peke yao, katika njia ya ukingoni penye kina kifupi. Siku aliyovuka hapakuwa na sherehe. Waliliandika jina lake, wakampa kofia.

Shule zilipokuwa bado hazijafungwa mazoezi yalikuwa ya jioni. Zilipofungwa katikati ya Juni yakahamia asubuhi, wakati maji yana baridi ya kugonganisha meno. Nami nilikaa kando nikasikiliza, maana kazi yangu ni kuwasikiliza watu wakisema. Nilitarajia makelele ya kocha mmoja kwa watoto hamsini. Nilichosikia ni maagizo mafupi mafupi, kila mtoto na lake: wewe, kidevu chini, wewe, vidole vya miguu vielekee nje, wewe, usivute pumzi hadi upige mikono mitatu. Juu ya maji, mita tano kutoka kila ukuta, zilitundikwa bendera ndogo ndogo za rangi. Anayeogelea chali haoni aendako, na akizubaa atagonga kichwa. Kwa hivyo huihesabu mikono yake tangu anapopita chini ya bendera hadi anapougusa ukuta, akajua idadi yake. Binti yangu alihitaji mikono saba. Mwenzake aliyekuwa mrefu alihitaji mitano. Kila mtoto alikuwa na nambari yake, na hakuna aliyeulizwa kwa nini si sawa na ya jirani.

Matayarisho ya siku ya mashindano yalianza Ijumaa. Watoto walikula pamoja, aghalabu tambi, wakaimba, wakafukuzwa wakalale mapema. Mkoba ulipangwa usiku huo huo: taulo mbili, kwa kuwa ya kwanza hulowa kabla ya saa tatu, miwani miwili ya kuogelea, kwa kuwa mkanda wa mmoja lazima ukatike, maji ya kunywa, matunda, na sweta hata kama jua linachoma. Asubuhi, kwa kalamu ya wino mzito, kila mtoto aliandikwa mkononi nambari za mashindano yake, kikundi chake na njia yake. Mtoto wa miaka sita hawezi kukumbuka mambo hayo yote, lakini anaweza kuusoma mkono wake. Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Nimewaona watu wazima, wenye shahada, wakipotea katika mkutano kwa kukosa kuandikwa mkononi.

Sasa namwomba mwalimu anisikilize kwa makini. Jumamosi huogelea watatu tu walio wepesi zaidi katika kila shindano, kutoka kila timu. Hilo halina tofauti na desturi yetu. Lakini katikati ya juma, jioni, yapo mashindano mengine, na hayo ni ya wale ambao hawakuchaguliwa. Refa ni refa kweli, saa ni saa kweli, timu ngeni imekuja kweli kwa mabasi na magari. Mtoto wa mwisho katika timu anavaa kofia, anapanda kijukwaa, anaitwa jina, na muda wake unaandikwa kitabuni. Hakuna aliyekuja msimu mzima kuwabebea wenzake taulo.

Kila jamaa hutakiwa kufanya kazi siku ya mashindano. Nilipoitwa nilieleza kwamba mimi sijui kuogelea. Mama mmoja mzee alinipa saa ya kupimia muda, akasema kwamba saa nayo haijui. Basi nikasimama njia ya nne, pamoja na wapimaji wengine wawili, kwa maana kila njia hupimwa na watu watatu, na muda wa katikati ndio unaohesabiwa. Kwa jioni tatu nilisimama hapo viatu vikilowa, na katika jioni hizo niligundua jambo moja. Mtoto anapougusa ukuta, anapoinua uso na kuvua miwani, swali lake la kwanza si "Nimekuwa wa ngapi?" Huuliza, "Muda wangu?" Mvulana mmoja alimaliza wa mwisho, wenzake wakiwa wameshatoka majini na kujifunga taulo. Akaniuliza. Nikamwambia: sekunde 41 na nukta 3. Aliupiga maji kofi kwa furaha, kwa kuwa wiki iliyotangulia alikuwa ametumia zaidi ya 44.

Nilimfikiria mtoto huyo angekuwa katika darasa letu. Angekuwa wa hamsini na mbili kati ya hamsini na wawili, na orodha ingebandikwa mlangoni. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka huo huo wa 2023, na tumeambiwa kwamba enzi ya kuwapanga watoto kwa nafasi imepita pamoja nao. Sina hakika kwamba mioyo yetu imepita nayo. Bado mzazi humwuliza mtoto amekuwa wa ngapi kabla ya kumwuliza amejifunza nini, na bado mwalimu hujibu swali hilo kwa haraka kuliko la pili.

Lililonifundisha zaidi, hata hivyo, lilitokea katika kosa. Jioni moja ya Julai binti yangu aliogelea mita 25 kwa mtindo wa chura. Aliogelea vizuri, nami nikaanza kujivuna mbele ya wapimaji wenzangu. Kanuni ya mtindo huo yataka mwogeleaji auguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Yeye aliugusa kwa mmoja. Mwamuzi aliyekuwa kando aliinua mkono, na matokeo yake yakafutwa. Alilia, kama ilivyostahili. Kisha kocha alikuja na kikaratasi cha mwamuzi. Kikaratasi hicho kimechapwa visanduku: cha miguu, cha mikono, cha kuanza, cha kugusa. Kilichotiwa alama kilikuwa kimoja. Kocha alichuchumaa, akamsomea, akamwambia maneno ambayo niliyaandika jioni hiyo katika daftari langu: miguu yako ilikuwa sawa, mikono yako ilikuwa sawa, mguso ndio haukuwa sawa, kesho tutafanya mguso.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Nimeandika "Sarufi dhaifu" pembezoni mwa karatasi zisizohesabika, kwa wino mwekundu, na kuipigia mstari ili kuonyesha kwamba nimekasirika. Jioni hiyo nilijiuliza mwanafunzi alitakiwa afanye nini na maneno hayo mawili. Hayamwambii kama kosa lake ni la upatanisho wa kisarufi, la mnyambuliko au la mpangilio wa maneno. Hayamwambii kilicho sawa, ili akiache kama kilivyo. Yanamwambia tu kwamba yeye ni dhaifu, na hilo alikuwa analishuku tangu zamani. Yule kijana wa chuo kikuu, ambaye hakuwa na cheti cha ualimu, alikuwa na sarufi bora kuliko yangu: alilitaja kosa kwa jina lake, akaliacha liwe dogo kama lilivyokuwa. Juma lililofuata binti yangu aliugusa ukuta kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa kupita kiasi, akachelewa karibu sekunde nzima. Matokeo yake yalisimama.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba nilikuwa peponi. Naam, sasa nairudia ile karatasi.

Katika wilaya ya Fairfax, humo humo kaskazini mwa Virginia, mwaka 1965 mtu mmoja mweupe aitwaye Sullivan alimpangisha mtu mweusi nyumba yake, na pamoja na nyumba akamkabidhi uanachama wake katika bustani na kidimbwi cha jumuiya kiitwacho Little Hunting Park. Bodi ilikataa kuidhinisha, kwa sababu ya rangi ya mpangaji. Sullivan alipolalamika, bodi ikamfukuza yeye pia. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Disemba 1969 mahakama iliamua, kwa kutegemea Sheria ya Haki za Raia ya 1866, kwamba bodi haikuwa na haki hiyo. Kesi nyingine inayofanana nayo, ya kidimbwi cha Wheaton-Haven huko Maryland, iliamuliwa mwaka 1973. Kwingineko mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jiji la Jackson, katika jimbo la Mississippi, lilifunga vidimbwi vyake vya umma ili weusi na weupe wasiogelee pamoja, na mwaka 1971 mahakama hiyo hiyo ililiruhusu.

Nilipoyasoma hayo nilikwenda kabatini, nikaitoa nakala ya karatasi niliyoitia saini bila kuisoma, mimi mpangaji mweusi niliyekabidhiwa uanachama na mwenye nyumba. Ilikuwa karatasi ile ile. Sekunde alizokuwa akizihesabu binti yangu zilikuwa zimelipiwa na watu ambao hakuwajua.

Na deni halijalipwa lote. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na wakfu wa chama cha kuogelea cha Marekani ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto weusi wa huko hawajui kuogelea au wanajua kidogo mno, ilhali kwa watoto weupe ni asilimia 40. Si mwili uliowazuia, kama wajinga walivyowahi kudai. Mwaka 2016 jijini Rio Simone Manuel alishinda dhahabu ya mita 100, akiwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kushinda medali ya dhahabu ya kuogelea kwa mtu mmoja mmoja. Babu aliyezuiwa mlangoni hakujifunza, akamkataza mwanawe, naye akamkataza wake. Woga hurithiwa kama shamba. Nilipofika hapo katika kusoma niliukumbuka ukucha wa mama.

Maana sisi pia tuna historia yetu ya vidimbwi. Vilichimbwa katika vilabu vya walowezi na katika shule za watoto wao, na Mwafrika aliyefika hapo alifika kama mfagiaji. Uhuru ulipokuja tuliyarithi majengo, na pamoja na majengo tukairithi dhana kwamba kuogelea ni anasa ya wenye nacho. Leo shule ya kulipia karo kubwa hutangaza kidimbwi chake gazetini sambamba na basi lake, ilhali mtoto wa shule ya umma hufahamiana na maji katika machimbo ya mawe yaliyojaa mvua, katika mabwawa ya kunyweshea mifugo, na katika mito ileile tuliyokatazwa sisi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na sehemu kubwa yao walikuwa watoto na vijana. Wakenya wa umri wangu hawahitaji takwimu za ulimwengu. Tunaikumbuka feri ya Mtongwe, Aprili 1994, na zaidi ya watu 250 walioangamia kando ya Mombasa, mji uliozungukwa na maji pande zote. Sisemi kwamba wote wangaliokoka kama wangalijua kuogelea. Mtu aliyebanwa ndani ya chombo kilichopinduka hasaidiwi na mtindo wa chura. Nasema tu kwamba nchi yenye bahari, maziwa na mito mingi kama yetu haina udhuru wa kuilea jamii ambayo maji yakimfika kiunoni mtu huanza kusali.

Nitaulizwa: fedha zitoke wapi, ilhali kuna shule zisizo na maji ya kunywa? Swali ni la haki, na sitalijibu kwa kuota kidimbwi katika kila shule. Nitaanza na vidimbwi vilivyopo. Kile cha Kasarani kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Vipo vya vyuo vikuu, vya shule za zamani za kitaifa, vya shule za kibinafsi, vya hoteli za pwani. Vingi vya shule na vyuo, likizo inapoanza, hufungwa kwa kufuli, na mlinzi huwekwa ili watoto wa jirani wasiruke ukuta. Likizo yetu ya Agosti haifai Nairobi wala Limuru. Baridi yake ingewaua wanaojifunza kabla ya maji. Lakini likizo ndefu ya Novemba na Disemba ni ya joto, ni ya wiki nyingi, na watoto wamo nyumbani wakitazama televisheni. Hayo ndiyo majira yetu ya joto. Wiki sita zatosha kumfikisha mtoto mita 25; nimewaona waliofika kwa tatu.

Walimu wa michezo hawatoshi, hilo nalo nalijua. Lakini wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojua kuogelea wapo, na wengi wao likizoni hutafuta vibarua. Wafunzwe namna ya kufundisha na namna ya kuokoa, walipwe kidogo, wapewe watoto wachache wachache. Hapa sitaki mzaha. Mwalimu mmoja na watoto arobaini majini si somo, ni msiba unaongoja siku yake. Wala mtu asianzie mtoni kwa kisingizio kwamba kidimbwi ni mbali. Kidimbwi kikiwa mbali, basi watoto wapandishwe gari mara mbili kwa juma, kama tunavyowapandisha kwenda kwenye tamasha za muziki na hatuoni kuwa ni ubadhirifu.

Yapo na madogo ambayo si madogo. Wasichana wengi huacha maji kwa sababu ya nywele na kwa sababu ya stara. Kofia kubwa zinazotosha nywele za Kiafrika zilikataliwa na shirikisho la kuogelea la kimataifa mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kisha zikakubaliwa mwaka 2022 baada ya kelele kupigwa. Shule isingoje kelele. Msichana atakayependa kuogelea akiwa amevaa suruali ndefu na blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa cha kuogelea aachwe aogelee; saa itampima vilevile.

Na ikiwa yupo mkuu wa shule ambaye hashawishiki ila kwa medali, basi na akumbushwe kwamba Jason Dunford wa Kenya aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 kipepeo jijini Beijing mwaka 2008, na mwaka 2010 akashinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Delhi. Nchi iliyomtoa mtu huyo kutoka kwa idadi ndogo kama hii ya waogeleaji haijui ina wengine wangapi. Lakini hoja hii naitoa shingo upande. Timu ikianzishwa kwa ajili ya medali, watoto wanaoshika kamba watarudishwa nyumbani siku ya kwanza, nasi tutakuwa tumejenga tena ile tuliyo nayo.

Tulirudi Kenya mwaka 2024. Nimeanza kujifunza katika kidimbwi cha chuo, Jumamosi asubuhi kabla wanafunzi wangu hawajaamka, kwa maana heshima ya mhadhiri aliyemeza maji ni jambo la kulindwa. Binti yangu huketi ukingoni na saa ya kupimia muda. Ameniwekea sharti lile lile, kidimbwi kizima bila kushika kamba, na hakubali maelezo. Hadi Jumamosi iliyopita nilikuwa nimefika mita 15, chali, nikihesabu mikono.